Kubadili Mkataba wa Upangaji wa Nyumba

Katika mada ya mikataba ulijifunza kwamba si kila makubaliano ni mkataba. Nchini Tanzania, Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) inataka pande zinazofunga mkataba ziwe na uwezo kisheria, ziridhie kwa hiari, na kila upande utoe kitu halali: mmoja nyumba, mwingine kodi. Kanuni hizo hazikomi siku ya kutia sahihi. Mkataba uliofungwa na watu wawili haubadilishwi na mmoja.

Mfano

Mpangaji amepanga vyumba viwili kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Mkataba ni wa miezi sita, kuanzia tarehe 1 Januari hadi 30 Juni, na amekwisha kulipa shilingi 480,000. Mwezi Machi mwenye nyumba anamwambia, "Maisha yamepanda. Kuanzia Aprili kodi ni laki moja." Je, mpangaji anadaiwa nyongeza ya shilingi 60,000 kwa miezi mitatu iliyobaki?

Usikimbilie kuandika ndiyo au hapana. Jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu:

1. *Je, muda wa mkataba umekwisha?* Bado. Ungekuwa umekwisha, mwenye nyumba angekuwa huru kupendekeza kodi mpya, na mpangaji angekuwa huru kukubali au kuhama. Huo ungekuwa mkataba mpya, si mabadiliko ya ule wa zamani.
2. *Je, mkataba wenyewe unaruhusu kodi kupanda kabla ya muda kwisha?* Kama kuna kipengele hicho, kifuatwe kilivyoandikwa, pamoja na notisi yake.
3. *Je, pande zote mbili zimeridhia?* Tangazo la mwenye nyumba si makubaliano. Vilevile, mpangaji anayekubali kwa sababu ametishiwa kutolewa vitu nje hajaridhia kwa hiari.

Kama hakuna kipengele cha kupandisha kodi wala makubaliano, mpangaji hadaiwi nyongeza hiyo hadi tarehe 30 Juni.

Kanuni hii inambana mpangaji pia. Akipoteza kazi na kuanza kulipa mwezi kwa mwezi wakati mkataba unasema miezi sita kwa mkupuo, anavunja mkataba. Anachopaswa kufanya ni kumwendea mwenye nyumba mapema na kuomba kipengele hicho kibadilishwe.

Jinsi ya kuandika mabadiliko

Usifute maneno ya mkataba wa awali kwa kalamu. Andika karatasi ya nyongeza yenye:

- majina ya pande zote mbili na tarehe ya mkataba wa awali;
- kipengele kinachobadilishwa, kilivyokuwa na kitakavyokuwa;
- tarehe ya mabadiliko kuanza kutumika;
- maneno kwamba vipengele vingine vinabaki kama vilivyo;
- sahihi za pande zote mbili na za mashahidi.

Mfano wa kipengele: "Kipengele cha 3 kilichosema kodi italipwa kwa miezi sita kwa mkupuo, sasa kitasomeka: kodi italipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 5."

Kila upande ubaki na nakala.

Kumbuka

Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa na nguvu, lakini ni vigumu kuyathibitisha. Mgogoro ukifika kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mpangaji mwenye karatasi ana cha kuonyesha. Aliyeambiwa barazani "usijali, tumeelewana" atahitaji shahidi.

Swali la kujipima

Mpangaji na mwenye nyumba walikubaliana kwa mdomo kwamba kodi ishuke kutoka shilingi 120,000 hadi 100,000 kwa mwezi. Baada ya miezi minne, mwenye nyumba anadai shilingi 80,000 za "upungufu". Eleza hoja mbili za kila upande, kisha toa ushauri.