Mwanao Aenda Kusomea Bahari? Uliza Mwezi Kwanza

Je, mzazi, mwanao anayesomea biolojia katika bewa la Chiromo amekujia huko Kangemi au Kawangware akitaka pesa za masomo ya nyanjani Pwani? Usikimbilie kumwambia kwamba hayo ni matembezi. Viumbe wa baharini hawasomwi vitabuni pekee, na safari hiyo ikiharibika, ni vigumu kuirudia.

Jambo la kwanza kuuliza si nauli bali ni mwezi. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Miamba hubaki wazi, na mwanafunzi huweza kuhesabu viumbe kwa mkono. Pwani yetu, maji ya bamvua hupwa sana mwendo wa saa nne asubuhi, kisha huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Juma moja baadaye huwa ni maji mafu, ambayo hayapwi sana. Kwa hivyo ukichelewesha mchango na safari ikasogezwa juma moja, watoto watalipia vitanda bure.

Pili, malazi. Tuchukue mfano wa Gazi, kaunti ya Kwale, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa, ambako wanakijiji wamekuwa wakilinda mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Chumba cha mjini Mombasa huenda kikaonekana rahisi, lakini kikundi kinacholala huko kitamalizia asubuhi barabarani huku maji yakijaa. Afadhali godoro sakafuni karibu na ufuo. Uliza pia kama kuna chandarua, maji safi na vyumba vya wasichana vinavyofungwa. Mbu wa Pwani hueneza malaria, na mtoto aliyelelewa Nairobi huenda hana kinga. Mwone daktari mapema.

Tatu, usafiri. Gari moshi la reli mpya, lililoanza 2017, huondoka Syokimau wala si katikati ya jiji. Anayetoka Kangemi akumbuke msongamano wa barabara ya Waiyaki, kisha safari nyingine kutoka mjini hadi Syokimau. Asisahau kitambulisho alichokatia tikiti. Gari hilo hufika Miritini, nje ya mji. Kutoka hapo, kikundi kilichokodi basi dogo kinaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu hadi Kwale bila kungojea feri ya Likoni.

Mwisho, mnunulie viatu vya mpira visivyovuka, kofia na tochi. Miamba ina miiba, na jua halina huruma.

Mzazi mwenzangu, maji yakijaa hupwa, lakini hupwa kwa saa zake. Toa mchango mapema.