Je, Wajua? Muuza Kanda wa Stendi na Spika Yake

Je, wajua kwamba hadi mwaka 1994 Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu ya nyumbani? Ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kabla Radio One haijaingia hewani mwaka huo, aliyechoshwa na kipindi hakuwa na pa kuhamia ila kwenye stesheni za nje, au kibandani kwa muuza kanda. Katika miji ya barabarani kama Mlandizi, ambako magari ya Barabara ya Morogoro husimama kushusha na kupakia, kijana wa kibanda na spika yake ya mlangoni ndiye aliyeamua abiria wasikie nini. Hakumwomba mtu ruhusa.

Je, wajua kwa nini kanda iliikuta njia nyeupe hapa kwetu? Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodiwa RTD, Barabara ya Pugu (sasa ya Nyerere), lakini santuri zenyewe zilifyatuliwa Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa, usifunguliwe hadi 1983. Kaseti, ambayo Philips waliionyesha Berlin mwaka 1963, haikudai kiwanda. Deki mbili, waya na umeme vilitosha, na kila kibanda kikageuka kiwanda. Wanamuziki hawakuambulia kitu katika biashara hiyo, na hilo tusilipambe kwa sababu tu tuna kumbukumbu tamu.

Uchaguzi wa muuzaji ulianzia kwenye santuri. Ile ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika, hubeba dakika chache tu kila upande. Nyimbo za dansi zilikuwa ndefu kuliko hapo, kwa hiyo nyingi zilikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, wa pili magitaa na chemko, sehemu ya kuchezea. Muuzaji mzembe aliweka upande wa kwanza akasubiri bahati. Aliyeijua kazi aligeuza sahani mapema.

Kwenye kanda mkono wake ulionekana zaidi. Kaseti ya C-60 ina dakika 30 kila upande, lakini upande wa santuri kubwa kwa kawaida una dakika 20 hivi. Piga hesabu: zinabaki dakika kumi tupu, na hakuna mteja anayependa kulipia ukimya. Mrekodi alizijaza kwa anachokipenda yeye. Hivyo kanda uliyoagiza ya Mbaraka Mwinshehe ingeweza kuishia kwa Franco, bila maelezo, na wewe ukarudi wiki ijayo kuulizia jina la wimbo ambao hukuuagiza. Kwangu mimi hizo dakika kumi ndizo zilizokuwa duka lenyewe. Mengine yalikuwa kunakili tu.

Je, wajua kwamba Morogoro ilicheza Kikuba kwa sababu ya santuri za dukani? Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, wenye muziki wa Kuba, ukauzwa Afrika. Maneno yalikuwa ya Kihispania, lugha ambayo wanunuzi hawakuijua. Salum Abdallah wa Morogoro alinogewa hadi akaipa bendi yake jina la Cuban Marimba. Nyimbo zake nazo zilitolewa kwa nembo ya Mzuri, mali ya Assanand wa Mombasa, wenye duka la muziki walioamua kutengeneza bidhaa yao wenyewe.

Kwamba muziki wa dukani humwongoza mnunuzi, wasomi walichelewa kuligundua. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichapisha katika jarida la Nature jaribio la dukani: muziki wa Kifaransa ulipopigwa, mvinyo wa Ufaransa uliuzika mara tano ya ule wa Ujerumani, ulipopigwa wa Kijerumani, wa Ujerumani ukaongoza. Wengi wa wanunuzi walikana kwamba muziki uliwaongoza. Wauza kanda wetu wangecheka.

Na Marekani? Huko muuzaji aliingia bendini mwenyewe. Peter Buck alikuwa muuzaji katika duka la santuri la Wuxtry, mjini Athens, Georgia. Hapo alifahamiana na mteja aitwaye Michael Stipe, na mwaka 1980 wakawa sehemu ya kundi la roki la R.E.M.

Siku hizi kazi ya yule kijana imehamia kwenye kompyuta: unampa flashi au memori kadi, anakuingizia nyimbo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamtaka apate idhini ya wenye nyimbo kwanza, na hata kuwapigia wateja muziki hadharani kunahitaji kibali.

Kama una kanda ya zamani yenye orodha iliyoandikwa kwa mkono wa muuzaji, inakili sasa, wala usiiweke juu ya spika. Sumaku ya spika inaweza kufuta kanda.