Picha Zinazojibu: Mafunzo ya Uhandisi na Maji ya Newala

Udongo wa kichanga wa uwanda wa juu wa Makonde hufyonza mvua upesi. Kwa sababu hiyo mito haipatikani juu yake, na chemchemi hujitokeza chini, penye miteremko. Kwa vizazi vingi akina mama wa Newala walishuka magenge kutafuta maji, wakapanda tena na mitungi vichwani. Siku hizi maji husukumwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari. Mwanafunzi wa Lupaso, wilayani Masasi, ambako Rais Benjamin Mkapa alizaliwa mwaka 1938, akisafiri kwenda Newala huupanda mwinuko huo kwa gari. Lakini je, anaelewa gharama ya kuyapandisha maji?

Kanuni zake zimo katika vitabu vya fizikia. Tatizo ni kwamba mchoro wa kitabuni umetulia tu: hauulizi wala haujibu. Mwaka 1963, Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha programu iitwayo Sketchpad, ambayo ilimwezesha mtu kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga na kuubadilisha mchoro papo hapo. Hapo ndipo ilipoanzia njia ya kufundishia uhandisi kwa picha ambazo mwanafunzi huzigeuza mwenyewe.

Ichukuliwe picha ya namna hiyo yenye kisima bondeni, tangi juu na bomba la kilomita 10 kati yake. Mpando ni mita 400, na maji yanayohitajika ni lita 20 kwa sekunde. Mwanafunzi anasogeza alama ya kipenyo cha bomba. Kipenyo kikiwa milimita 200, msuguano unaiongezea pampu mzigo sawa na mpando wa mita 21 hivi. Nguvu inayoingia katika maji ni kilowati 83. Kabla ya kuisogeza tena, mwalimu amwagize aandike anachotazamia kipenyo kikipunguzwa nusu. Wengi huandika kwamba msuguano utakuwa mara mbili, au mara nne.

Picha inaonyesha mita 660. Msuguano umeongezeka mara 32, kwa kuwa, mtiririko ukibaki uleule, hubadilika kinyume cha kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano. Nguvu sasa ni kilowati 208. Bomba jembamba lililonunuliwa kwa bei nafuu litadai fedha hizo kila mwezi katika hati ya umeme, na wanakijiji ndio watakaolipa.

Akisogeza upande wa pili hadi milimita 400, msuguano unashuka chini ya mita moja. Faida yake ni mita 20 tu, ilhali bomba ni ghali zaidi. Hapo swali limekwisha kuwa la uhandisi, maana fizikia peke yake haiwezi kuchagua kati ya bei ya chuma na bei ya umeme. Tena, chini ya mpando huo maji yaliyotulia hukandamiza bomba kwa kanieneo ya takriban mara 40 ya ile ya hewa; ndiyo maana mara nyingi wahandisi huugawa mpando katika vituo.

Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, kilianzisha mwaka 2002 mradi wa PhET, unaotoa bure picha za namna hii za fizikia, baadhi yake kwa Kiswahili. Zikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti, na kompyuta moja yaweza kutumiwa na darasa zima, mradi wanafunzi wabishane kwanza.

Hata hivyo picha hutii namba ilizopewa. Haijui kutu iliyomo ndani ya bomba kuukuu, wala maungio yanayovuja, wala siku umeme unapokatika. Mpira wa plastiki unaopenya mwanga, ndoo mbili na saa ya mkononi huonyesha baadhi ya mambo hayo kwa gharama ndogo. Wanafunzi wapime muda wa kujaza ndoo kwa mpira mpana, kisha kwa mwembamba wa urefu uleule, na walinganishe na jibu la kompyuta. Majibu hayo hayatalingana sawasawa, na kutafuta sababu ya tofauti hiyo ni kazi ya kipindi kizima.