Raleigh na Gari la Magurudumu Matatu

Raleigh ya Nottingham, Uingereza, inajulikana Kenya kwa baiskeli, lakini katika miaka ya 1930 iliunda magari pia. Chimbuko lake ni karakana ndogo katika mtaa wa Raleigh, ambayo Frank Bowden aliinunua mwishoni mwa 1888. Kabla karne haijaisha, kampuni ilikuwa na kiwanda kikubwa mno cha baiskeli, na pikipiki zilifuata.

Mwaka 1930 ilileta sokoni gari dogo la mizigo la magurudumu matatu. Sehemu ya mbele ilikuwa kama pikipiki, dereva akiliongoza kwa mpini, na nyuma kulikuwa na sanduku la kubebea bidhaa za wenye maduka. Gari la abiria, Safety Seven, lilitoka 1933. Lilibeba watu wanne, likiwa na usukani wa mviringo na injini ya silinda mbili yenye sentimita za ujazo 742.

Soko la magari hayo lilitegemea kodi. Sheria ya Uingereza ililihesabu gari jepesi la magurudumu matatu kuwa pikipiki, hivyo mwenyewe alilipa ada ndogo ya barabara. Wakazi wa Kanja, huko Embu, wameona nguvu ya hatua za namna hiyo. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya sentimita za ujazo 250, na bodaboda, kazi ya kubeba abiria iliyoanza kwa baiskeli mpakani Busia, ikapanda hadi kwao, kwenye miteremko mikali ya Mlima Kenya ambako baiskeli yenye abiria ilikuwa adhabu kwa mwendeshaji.

Kwa Raleigh, nafuu ya ada peke yake haikutosha. Magari madogo ya magurudumu manne yalikuwa yakishuka bei. Ford iliuza Model Y kwa pauni 100 mwaka 1935. Katikati ya miaka hiyo ya 1930 Raleigh iliacha magari na kurudi kwenye baiskeli.

Msanifu wake, Tom Williams, hakukubali kwamba biashara imekwisha. Alianzisha Reliant mjini Tamworth, na gari lake la kwanza, la 1935, lilitumia vipuri vya Raleigh. Reliant iliendelea kuunda magari ya magurudumu matatu hadi 2001. Raleigh ilifanya vyema kulinda baiskeli zake, ila iliacha mapema soko ambalo lilikuwa bado na wanunuzi.