Twende Ng'ambo

Leo tutatembea Unguja mjini. Wageni wengi huzunguka Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, kisha hurudi hotelini. Sisi tuanzie Darajani. Daraja liko wapi? Halipo! Hapa palikuwa na mkono wa bahari. Ukafukiwa, likabaki jina. Upande wa pili ndio Ng'ambo, walikokaa mafundi, wachukuzi na watu walioachwa huru kwa amri ya mwaka 1897. Siti binti Saad, aliyetiwa sauti katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, alikaa huku. Pale Michenzani mtaona majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Lakini ingieni vichochoroni, mtazame nyumba za miti na udongo zenye baraza. Zinazidi kupungua. Pigeni hodi, waulizeni wazee nani alikaa wapi, mkaandike daftarini.