Ethiopia na Rekodi Zake: Ukristo wa Kale wa Afrika Ukitazamwa Kutoka Mbangala

Huku Mbangala, na kwingineko mkoani Songwe, jina la Ethiopia husikika zaidi kwenye taarifa za polisi na Uhamiaji. Vijana wa huko wamekamatwa wakisafirishwa kwa malori kuelekea Tunduma, wavuke hadi Nakonde, Zambia, kisha waendelee mpaka Afrika Kusini. Habari hizo ni za kweli na zinaumiza. Lakini kama ndizo pekee tunazozijua, basi hatuwajui jirani zetu. Barabara kuu ya Cairo hadi Cape Town, hiyo inayopita Tunduma, imepitia Addis Ababa, na vijana hao wametoka katika taifa lililoweka rekodi ambazo mataifa mengi yenye nguvu leo hayana hata moja ya kulinganisha nazo.

Nimekusanya hapa zile zinazohusu imani. Ukizisoma pamoja utaona kwamba karibu zote ni kazi ya watu waliotunza, kizazi baada ya kizazi, kwa mikono yao na kwa lugha yao.

Miongoni mwa dola za kwanza za Kikristo duniani

Kwa mapokeo, Armenia ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza, mwaka 301. Aksum, dola iliyokuwa kaskazini mwa Ethiopia ya leo na Eritrea, ilifuata katika karne hiyohiyo ya 4 chini ya Mfalme Ezana. Aliyemfikishia imani ni Frumentius, kijana wa Tiro aliyeingia nchini kama mateka, akalelewa ikulu, na baadaye akawekwa wakfu kuwa askofu na Athanasius wa Aleksandria. Waethiopia humwita Abba Selama, Baba wa Amani.

Ushahidi wake unashikika mkononi. Sarafu za mwanzo za Ezana zina mwezi mwandamo na duara. Za baadaye zina msalaba, na ni miongoni mwa sarafu za kwanza duniani kuubeba. Dola ya Rumi yenyewe iliufanya Ukristo kuwa dini rasmi mwaka 380. Kwetu Nyanda za Juu Kusini, Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na Mbozi mwaka 1899. Tunayo haki ya kuadhimisha miaka hiyo, mradi tukumbuke kwamba bara letu lilikwisha kuwa na wafalme Wakristo zaidi ya miaka 1,500 kabla yake.

Injili za kale zaidi zenye picha

Karibu na mji wa Adwa ipo monasteri ya Abba Garima. Humo zimetunzwa Injili mbili zilizoandikwa juu ya ngozi ya mbuzi kwa Kigeez, lugha ya kale ya kanisa la Ethiopia. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa Oxford vilionyesha kuwa kongwe kati yake ni ya kati ya mwaka 390 na 570, na nyingine ni ya kati ya 530 na 660. Hazikuwahi kuhamishiwa kwenye makumbusho ya ng'ambo, na wataalamu wengi wanazihesabu kuwa miongoni mwa Injili kongwe kuliko zote zilizosalia zikiwa na picha.

Fikiria kazi iliyomo. Ngozi inaloanishwa, inawambwa kwenye fremu ya mti, inakwanguliwa manyoya na mafuta hadi iwe laini na nyeupe. Mwandishi anachonga kalamu ya tete na kuandaa wino mweusi na mwekundu. Katika maandiko mengi ya Ethiopia, majina matakatifu huandikwa kwa huo mwekundu. Kitabu kimoja humla mtu miezi mingi. Mapokeo ya watawa yanasema Abba Garima aliandika Injili yake kwa siku moja, kwa kuwa Mungu alilizuia jua lisitue mpaka amalize. Na ufundi huo haujafa: wapo Waethiopia wanaoandika vitabu vya ngozi mpaka leo.

Biblia yenye vitabu vingi kuliko zote zinazojulikana sana

Waprotestanti wana vitabu 66, Wakatoliki 73. Kanisa la Orthodoksi la Tewahedo la Ethiopia lina 81. Kati ya hivyo kimo Kitabu cha Henoko, kile ambacho Waraka wa Yuda unakigusia katika aya ya 14. Kwingineko kilipotea, na dunia ikabaki na vipande vya Kiaramu na Kiyunani. Kikiwa kizima, kimesalia kwa Kigeez peke yake. Msafiri wa Uskoti, James Bruce, alirejea Ulaya mwaka 1773 na nakala zake, na wasomi wa huko wakaanza kukisoma upya kitabu ambacho mashemasi wa Ethiopia hawakuwahi kuacha kukisoma.

Makanisa makubwa ya jiwe moja

Lalibela ina makanisa 11 yaliyochongwa ndani ya mwamba, na mapokeo yanayahusisha na mfalme wa jina hilo aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa 13. Bete Medhane Alem lina urefu wa mita 33 hivi, upana wa 23 na kimo cha 11, na hutajwa kuwa mojawapo ya makanisa makubwa zaidi duniani yaliyotolewa katika jiwe moja.

Kinachostaajabisha zaidi ni namna ya kujenga. Fundi wa kawaida huanza na msingi akamaliza na paa. Mafundi wa Lalibela walianza na paa. Walichimba handaki kuzunguka bonge la mwamba, wakashuka nalo huku wakichonga kuta na madirisha, kisha wakaingia mlangoni na kutoa mawe ya ndani mpaka zikabaki nguzo na matao. Tofali likikaa vibaya hung'olewa. Jiwe lililokwisha kukatwa halirudi. Ukisimama juu ya Bete Giyorgis, kanisa la Mtakatifu Georgi, paa liko sawa na ardhi uliyosimama, limechongwa misalaba, mmoja ndani ya mwingine, na mlango uko mita kama 12 chini yako. Mwaka 1978 UNESCO ilipotangaza maeneo 12 ya kwanza ya Urithi wa Dunia, Lalibela ilikuwamo.

Nguzo nzito kuliko uwezo wa kuisimamisha

Sisi wa Songwe tunajivunia Kimondo cha Mbozi, na makadirio makubwa ya uzito wake hayazidi tani 25. Nguzo kuu ya Aksum ina urefu wa mita 33 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 520, zaidi ya mara 20 ya kimondo chetu. Nguzo za Aksum zilikuwa alama za makaburi ya watawala kabla Ukristo haujaota mizizi. Iliyo kubwa kuliko zote ilianguka zamani na imelala hapo hadi leo. Nyingine, ya mita 24, ilichukuliwa na jeshi la Mussolini mwaka 1937 na kusimamishwa Roma. Ethiopia ilidai haki yake kwa miongo mingi. Ikarudishwa kwa ndege vipande vipande mwaka 2005, na mwaka 2008 ikasimama tena nyumbani.

Mojawapo ya njia ngumu zaidi za kwenda ibadani

Monasteri ya Debre Damo, Tigray, ilianzishwa katika karne ya 6. Iko juu ya mlima uliokatika pande zote, na hakuna ngazi. Anayekwenda huko hushika kamba ya ngozi na kupanda mwamba wa mita 15 hivi, huku amefungwa kamba nyingine inayovutwa na mtawa aliye juu. Wanaopanda ni wanaume pekee. Ugumu huohuo ndio uliowalinda watawa na vitabu vyao karne hizi zote.

Mfungo wa siku nyingi kuliko wa makanisa mengi

Muumini wa kawaida wa Tewahedo hufunga siku zipatazo 180 kwa mwaka. Mapadri na watawa hufikia 250 hivi. Kwaresima peke yake ina siku 55. Siku za kufunga hawali nyama, maziwa wala mayai, na wengi hawatii kitu kinywani mpaka alasiri. Ndiyo maana mapishi ya Ethiopia yana utajiri mkubwa wa dengu, kunde na mboga juu ya injera, mkate wao mpana.

Kalenda yao nayo ina miezi 13, na iko nyuma ya ile ya kimataifa kwa miaka saba au minane. Mwaka 2000 waliusherehekea Septemba 2007. Lakini saa zao ni zetu: jua likichomoza inahesabiwa saa kumi na mbili, kisha saa moja asubuhi. Mswahili akifika Addis Ababa hahitaji kujifunza upya kuulizia saa.

Hifadhi ya kwanza ya Waislamu nje ya Uarabuni

Mwaka 615 hivi, wafuasi wa Mtume Muhammad walipoteswa Makka, walivuka Bahari ya Shamu na kukimbilia Aksum. Mfalme Mkristo, ambaye Waislamu humwita Najashi, aliwapokea na akakataa kuwarudisha kwa waliowafuata. Hiyo ndiyo hijra ya kwanza. Kwa Mtanzania anayekula Idi na jirani na Krismasi na jirani, hii yapaswa kuwa rekodi ya kupendeza kuliko zote.

Subira ndefu ya kumpata mkuu wao wenyewe

Tangu Frumentius, askofu mkuu wa Ethiopia aliteuliwa na Aleksandria, na kwa desturi alikuwa Mmisri. Hali hiyo ilidumu karibu miaka 1,600. Mwaka 1959 Abuna Basilios akawa Patriaki wa kwanza wa Ethiopia, Mwethiopia wa kuzaliwa. Leo kanisa hilo ndilo kubwa kuliko yote katika familia ya Waorthodoksi wa Mashariki wanaoshirikiana na Wakopti na Waarmenia.

Kanisa kubwa zaidi la Kilutheri duniani

Watu wengi hudhani liko Ujerumani au Uswidi. Ni Mekane Yesus la Ethiopia, lenye waumini zaidi ya milioni 10, na linalofuata ni KKKT letu la Tanzania. Tena uhusiano wa Ethiopia na Walutheri ni wa zamani: mwaka 1534 shemasi Mwethiopia, Mikaeli, alikwenda Wittenberg akajadiliana imani na Martin Luther mwenyewe. Ukiongeza kwamba Tanzania ndiyo yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote, utaona kitovu cha makanisa haya kilipohamia.

Rekodi ambayo bado haijawekwa

Je, Ethiopia itakuwa na sauti gani duniani siku zijazo? Kwa hesabu za wataalamu wa takwimu za dini, Afrika sasa ndilo bara lenye Wakristo wengi kuliko mengine. Ethiopia ina watu zaidi ya milioni 120, ni ya pili Afrika baada ya Nigeria, na ni makao ya Umoja wa Afrika, kama ilivyokuwa kwa mtangulizi wake, OAU, ulioanzishwa Addis Ababa Mei 25, 1963. Ushindi wa Menelik II dhidi ya Waitalia, Adwa, Machi 1896, uliwapa watu weusi kote duniani sababu ya kuinua vichwa. Mvuto huo ulivuka bahari hadi Jamaika, na mwaka 1980 mwanamuziki Bob Marley akabatizwa katika Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia.

Hata hivyo, historia haiwatoshi watu kuishi. Vita vya Tigray, kuanzia 2020 hadi makubaliano ya Pretoria ya Novemba 2022, vilipiga palepale penye hazina hizi. Msikiti wa al-Nejashi, wenye jina la mfalme yule aliyewapokea Waislamu, uliharibiwa, na viongozi wa kanisa wa Tigray wakajitenga na wenzao wa Addis Ababa. Mamia ya vitabu vilivyoporwa na Waingereza huko Magdala, Ethiopia, mwaka 1868 bado viko London, pamoja na tabot 11, mbao takatifu za madhabahuni, zilizofungiwa Makumbusho ya Uingereza bila umma kuruhusiwa kuzitazama. Na vijana wanaondoka. Ninaamini kwa dhati kwamba Ethiopia itasikilizwa na dunia kwa kadiri itakavyopatana na nafsi yake. Amani kati ya Mtigray, Mwamhara na Mworomo itafungua milango ambayo idadi ya watu haiwezi kuifungua.

Nasi tuna sehemu yetu. Johann Ludwig Krapf, aliyeanza kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili Mombasa mwaka 1844, alikuwa ametoka Shewa, Ethiopia, alikofanya kazi na kujifunza lugha za huko. Kazi ya kutupatia Biblia ya Kiswahili ilianzwa na mikono iliyozoea vitabu vya Kigeez. Basi mafundisho ya kipaimara na ya shule ya Jumapili yaanze na Ezana kabla ya kufika Rungwe na Mbozi. Vyuo vyetu vya theolojia vipeleke hata wanafunzi wachache wakasome Kigeez, watuletee Henoko na maandiko mengine moja kwa moja kwa Kiswahili, bila kupitia Ulaya. Ethiopia ilitunza kwa karibu miaka 1,700 ili kitu kisomwe. Kilichobaki ni sisi majirani kukaa na kukisoma.