Asili ya Afrika Katika Chungu cha Louisiana

Wahenga walinena: mwacha asili ni mtumwa. Lakini wako watu waliotiwa utumwani kwa nguvu, wakavushwa bahari wakiwa katika minyororo, na asili yao wasiiache. Ushahidi wake tunauona hadi leo ndani ya vyungu vya Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani.

Huko kuna chakula mashuhuri kiitwacho gumbo, yaani mchuzi mzito wa kuku, kamba au soseji, unaoliwa kwa wali. Katika Kifaransa cha Louisiana neno hilo maana yake ni bamia, na asili yake ni lugha za Kibantu za Angola, ambako bamia huitwa kingombo. Kwa hiyo sisi wasemaji wa Kiswahili tulisikiapo, tunasikia sauti ya lugha iliyo jamaa na yetu.

Wali nao una historia yake. Meli za kwanza kupeleka watumwa moja kwa moja kutoka Afrika hadi Louisiana ziliwasili mwaka 1719, na manahodha wake walikuwa wameagizwa watafute mbegu za mpunga pamoja na watu wajuao kuulima. Ni dhahiri basi kwamba Mwafrika hakutekwa kwa ajili ya nguvu za mikono yake tu, bali na kwa elimu yake pia.

Hatusemi kwamba kila kilichomo chunguni ni cha Afrika. Wafaransa walileta ufundi wa kukaanga unga katika mafuta mpaka ugeuke rangi, nao Wachoctaw, wenyeji wa nchi ile, walitoa unga wa majani ya sasafrasi wa kuuongezea mchuzi uzito. Mchanganyiko huo ndio upishi wa Krioli. Lakini aliyesimama mbele ya moto, akikoroga na kuonja, mara nyingi alikuwa mwanamke Mweusi.

Jikoni alikuwapo, kitabuni hakuwamo. Mapishi yake mengi yalichapishwa kwa majina ya mabibi wenye nyumba. Lena Richard, mpishi wa New Orleans, alipotoa kitabu chake mwaka 1939, na alipofundisha upishi katika televisheni mwaka 1949, aliwarudishia heshima wengi waliomtangulia. Leah Chase naye, katika miaka ya 1960, aliwakaribisha Weusi na Weupe katika mkahawa mmoja ingawa sheria ilikataza, na viongozi wa kupigania haki wakashauriana humo huku wakila gumbo yake.

Nasi hatuna budi kujiuliza: mapishi ya bibi zetu yameandikwa wapi? Wale walionyang'anywa hata majina yao waliihifadhi ladha ya kwao kwa karne tatu. Sisi tulio kwetu, wenye bamia shambani na wazee nyumbani, tutatoa udhuru gani tukiisahau?